Elektrodi ndani ya fuvu: tunaogopa kisichostahili

Kila zikitoka habari za mtu aliyepandikizwa elektrodi kwenye ubongo, yaani vipande vidogo vya kunasa umeme wa seli zake, swali la kwanza ni lilelile: sasa watasoma mawazo yetu? Si swali la kipuuzi, ila linawaruka wagonjwa wenyewe.

Wapo wengi wenye kifafa. Takriban theluthi moja ya wenye ugonjwa huo hawatulizwi na dawa, na baadhi yao hulazwa wiki moja au mbili wakiwa na elektrodi ubongoni ili madaktari wajue kifafa kinaanzia wapi kabla ya kuikata sehemu hiyo. Katika kungoja huko, mgonjwa akiridhia, watafiti humwonyesha picha au kumsomesha maneno. Sehemu kubwa ya tunayoyajua kuhusu seli mojamoja za ubongo wa binadamu imetoka kwenye vitanda hivyo, na pale hakuna aliyetobolewa fuvu kwa udadisi wa mtu.

Majaribio ya kurudisha usemi, ambamo kompyuta hugeuza ishara za ubongo kuwa maneno, ni habari nyingine, maana huko upasuaji wenyewe ni wa utafiti. Damu inaweza kuvuja, maambukizi yanaweza kuingia, na anayekubali ni mtu aliyekosa njia nyingine. Hayo wakosoaji wanayasema kwa haki. Lakini tazama matokeo ya 2023 ya Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Mwanamke aliyepoteza usemi kwa ALS, ugonjwa unaoua neva zinazoendesha misuli, alifikia maneno 62 kwa dakika. Mazungumzo ya kawaida ni kama 160. Kwa msamiati wa maneno 125,000, karibu neno moja kati ya manne lilitoka kimakosa. Moja kati ya manne! Tena akijitahidi kutamka, kwa hiari yake, baada ya siku nyingi za kuizoeza kompyuta ubongo wake yeye peke yake. Mtambo unaomkosea anayetaka kueleweka uko mbali na kumpora mawazo asiyetaka.

Uko mbali, sisemi hautafika. Mwaka 2025 watafiti wa Stanford walionyesha kwamba hata maneno yanayosemwa kimoyomoyo hunaswa kwa kiasi, wakajaribu pia neno la siri ambalo mtu hulifikiria kwanza ndipo mtambo ufunguke.

Mimi nahofia pesa zaidi. Huko Australia watu 15 wenye kifafa walipandikizwa kifaa cha kuwaonya kabla ya kifafa kuwashika. Matokeo yalichapishwa 2013. Kampuni iliyokitengeneza ikaishiwa fedha, vifaa vikatolewa. Mwanamke mmoja alitaka kukinunua chake abaki nacho, asikipate. Nani atalipia betri na matengenezo mwaka wa kumi? Hilo liandikwe kwenye fomu ya ridhaa, na hapo ndipo wakosoaji wangebana.