Mzee Aliyesema Amina

Kabla hamjaamini ya Kevo, eti nililia siku tulipoombea ploti niliyonunua Ruai (najua ile sauti aliyorekodi imeshafika Kayole), sikulia. Ruai upepo ukivuma, vumbi huingia macho yote mawili kwa pamoja. Tuanzie hapo.

Ploti ni ya kona, hamsini kwa mia, barabara iko mlangoni. Broka alituonyesha mawe manne ya mpaka, meupe kama meno ya tangazo la dawa ya meno. Na msinianze na "kwani hukufanya sachi?" Nilifanya. Ardhisasa, ule mtandao wa serikali wa rekodi za ardhi, ikanijibu vizuri: namba ya ploti ipo, muuzaji ndiye mwenye jina, hakuna rehani, hakuna zuio. Yote ni kweli mpaka leo. Ila sachi inakuambia namba ni ya nani, haikuambii namba imelala wapi. Hilo la pili ni kazi ya sevea, mpima ardhi, na kwenye bajeti sevea alikuwa chini ya geti. Nikanunua geti.

Jumamosi tukaenda kuombea. Mama, shangazi wawili, Kevo na simu yake, sufuria ya pilau, na miche ya avokado ambayo shangazi mkubwa alitaka ipandwe kwanza eti mvua inakuja. Seng'enge imenyooka, nguzo zimesimama, geti jeusi linang'aa.

Sasa. Wanaomjua Mama wanajua haombi, anahutubia. Akashukuru, akafunga mipaka ya kaskazini, akahamia kusini, akafika kwa maadui. "Yeyote atakayekanyaga udongo huu akidai ni wake, miguu yake na ipooze!"

Hapo geti likalia. Kiiii.

Nikafungua jicho moja. Mzee wa koti la kijivu anaingia na fimbo yake, polepole, miguu mizima kabisa. Akavua kofia. Akaishika kifuani. Akafumba macho. Nikajisemea moyoni, jirani mcha Mungu, tumebarikiwa! Mama naye, alipohisi hadhira imeongezeka, akawarudia maadui upya, mmoja mmoja, na mzee akawa anaitikia kwa kichwa. Amina yake ilizishinda zetu zote. Akavaa kofia. Akampa Mama mkono, akawasalimu shangazi, akautazama mche wa avokado uliokuwa karibu na kiatu chake, kisha akauliza kwa upole ambao bado unanitoa jasho usiku:

"Haya, wanangu. Na shamba langu mmeliombea kwa sababu gani?"

Kimya. Shangazi mdogo akasema pilau inapoa. (Kevo hiyo sehemu amekata. Muulizeni kwa nini.)

Nikachomoa nakala ya hati kwa mbwembwe. Mzee akachomoa yake kwenye karatasi ya mkate. Namba hazikufanana hata kwa bahati mbaya. Akaenda kwenye kona, akaligusa lile jiwe langu jeupe kwa ncha ya fimbo. Likaviringika. Wadau, jiwe la mpaka haliviringiki! Kando kidogo akakwangua udongo kwa kisigino, na hapo chini kikatokea kichwa cha chuma ndani ya zege, kina kutu, kimekaa kwake kimya miaka yote hiyo. "Hii ndiyo bikoni," akasema. "Hiyo nyingine mtoto wa jirani hukalia akichunga mbuzi." Chokaa ilikuwa bado inaacha alama kwenye vidole.

Mengine haraka haraka. Sevea mwenye leseni akaja na ramani ya eneo kutoka Idara ya Upimaji kule Ruaraka, fomu ya mgawanyo na mashine yake, na kabla ya chakula cha mchana alikuwa amenipata. Ploti yangu ipo, si hewa. Iko bondeni, kwenye udongo mweusi unaomeza gambuti, na vijana wa mtaa wamesimamisha goli pale nilipopanga chumba cha kulala. Simu ya broka haipatikani. Wakili ana faili. Seng'enge tumehamisha, geti tumehamisha, vijana wameomba wamalize ligi.

Kilichobaki ni avokado. Mzee anasema mti ulioombewa kwake ni wake, na Mama anaona ana hoja.