Vidonge Sita Katika Bahasha ya Kaki

Mwezi uliopita tumbo la kuendesha lilinishika usiku, na kulipokucha nikaenda kwenye kemisti moja huku Majengo. Kijana wa kaunta aliniuliza swali moja tu, "Mama, limeanza lini?", kisha akahesabu vidonge sita vya Flagyl vya miligramu 400, akavitia katika bahasha ya kaki na kuandika juu yake "1 × 3". Hapakuwa na jina la dawa wala idadi ya siku.

Simlaumu sana, kwa sababu ni sisi tuliomzoesha. Hapa Mombasa Flagyl, ambayo jina lake la kitaalamu ni metronidazoli, imegeuka "dawa ya tumbo" kwa jumla, ilhali huua vimelea maalumu kama ameba na giardia, pamoja na bakteria wanaoishi pasipo oksijeni, kama wale wa jipu la fizi. Kuhara kwingi kwa watoto huletwa na virusi, ambavyo dawa hii haivigusi hata ukimaliza bahasha nzima. Mtoto huyo anahitaji maji ya ORS, yaani yale ya chumvi na sukari ya kurudisha maji mwilini, na zinki. Hata kipindupindu hakitibiwi kwa Flagyl.

Sasa tupige hesabu ya bahasha yangu. Vidonge sita, kimoja mara tatu kwa siku, ni siku mbili. Ameba ya utumbo hutibiwa kwa siku tano hadi kumi, na mara nyingi hufuatiwa na dawa nyingine ya kumaliza masalia yaliyojificha matumboni. Kwa hiyo kama nilikuwa na ameba, sikupewa dawa ya kutosha, na kama sikuwa nayo, nilipewa sumu ya bure.

Jambo linalonikera zaidi ni kwamba hakuna anayetaja pombe. Mtumiaji huonywa asiinywe wakati wa dozi na kwa saa 48 baada ya kidonge cha mwisho, kwa kuwa anaweza kutapika, kuwiva uso na kwenda mbio moyo. Wapo majirani watakaoacha bia kwa uaminifu kabisa, kisha jioni wapite mangweni, eti mnazi ni kinywaji cha asili. Hata asiyekunywa kwa sababu ya dini yake na asome kibandiko cha dawa yake ya kikohozi, kwani baadhi yake zina alkoholi.

Ladha ya chuma mdomoni na mkojo wa rangi nzito visimtishe mtu. Ganzi ya mikono au miguu, au kifafa, ni sababu ya kuacha na kumwona daktari upesi. Mjamzito, mgonjwa wa ini na anayetumia warfarini (dawa ya kuzuia damu kuganda) waseme kabla ya kupewa, hasa huyu wa warfarini, kwani damu yake inaweza kuwa nyepesi mno akavuja.

Mimi sikuvimeza. Nilipeleka choo kupimwa maabara, na majibu yakaonyesha hakuna ameba wala giardia. Nilikunywa ORS kwa siku mbili na uji mwepesi, tumbo likatulia. Bahasha nikairudisha kwa yule kijana, naye akaitazama, akaniuliza kama nilitaka nirudishiwe pesa.