Waya Namba Ngapi?

Kuna mambo mtu huyajui kwa kwenda shule, unayakuta tu. Kiatu namba 42 ni kikubwa kuliko 38. Nondo ya 16 ni nene kuliko ya 12. Sasa naomba mniambie, aliyepanga namba za waya wa spika alikuwa amegombana na nani?

Nilinunua amplifaya ya mtumba, spika tano na sabufa yake. Mbele sauti ikawa inawaka moto. Zile spika mbili za nyuma ya kochi zikawa zinanong'ona kama watu wanaosengenya msibani. Nikachungulia nyaya zake: tambi. Si kama tambi, ni tambi zenyewe.

Nikapanda daladala mpaka Kariakoo. Kijana wa dukani akaniuliza, "Bosi wangu, namba ngapi? Kuna 12, 14, 16 na 24." Mimi, mtu mzima, baba wa watoto watatu, nikakohoa kwanza kama mwenye hela: "Nipe kubwa kuliko zote. Hiyo 24." Hakubisha hata neno. Bei ikawa ndogo ajabu, nikajisifu moyoni kwamba sura yangu inaogopwa sokoni.

Nyumbani nafungua mfuko: tambi mpya.

Basi ushauri ukaanza kumiminika. Mdogo wangu, msomi wa chuo, akasema waya ni waya. Shemeji yangu anayefunga umeme majumbani akasema, "Weka mbili na nusu, ule wa soketi, hautakusumbua milele." Haunisumbui kweli, maana ni mgumu kama fimbo na vibanio vya nyuma ya spika zangu vimeukataa kabisa. Jirani naye akaleta habari za nyaya za dhahabu. Huyo nilimpa chai tu akaondoka.

Mwisho nikaenda kwa mzee wa mtaani anayetengeneza redio tangu enzi za kaseti. Alicheka mpaka akavua miwani.

"Kijana wangu, hizo ni namba za Kimarekani. Asili yake ni kuhesabu waya umevutwa kwenye matundu mara ngapi. Kila unapovutwa, unakonda, na namba inapanda."

Hapo nikaelewa bila ubao. Mimi mwenyewe kodi imenivuta, ada zimenivuta, luku inanivuta kila wiki. Kwa hesabu hiyo nimeshafika namba 40.

"Na umbali umepima?"

"Mita tano, mzee."

"Kwa tepu au kwa macho?"

Nikarudi nikapima. Jamani, mlango umekaa katikati! Waya upande juu ya fremu, ushuke, uzunguke kabati la vyombo, upite nyuma ya friji. Mita 13. Na umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo ni mita 26 za shaba. Spika yangu ina upinzani wa omu 8. Mzee akapiga hesabu nyuma ya boksi la sigara: zile tambi zilikuwa zinakula karibu moja ya tano ya nguvu kabla haijafika kwenye kochi. Namba 16 ya shaba, kama milimita za mraba 1.3 hivi, inatosha na kusaza. Upinzani wake kwa safari yote haufiki hata nusu omu. Spika za mbele, zilizo mita mbili tu, hazikuwa na ugonjwa wowote tangu mwanzo.

Safari hii Kariakoo nilikwenda na wembe. "Shaba tupu, bosi wangu," akasema yule yule. Nikakwangua unyuzi mmoja: ndani mweupe kama sufuria! Alumini iliyopakwa rangi ya harusi. Umeme unaupitia kwa shida, kiasi kwamba 16 yake inafanya kazi ya 18. Kijana akanitazama, akautazama wembe, akainama chini ya meza akatoa roli jingine.

"Hii ni ya mafundi."

Kumbe siku zote nilikuwa nauziwa ya wateja.

Jumamosi usiku nikamenya ncha, nikasokota nyuzi vizuri zisije zikapiga shoti, nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi. Nikaweka filamu. Kwenye filamu, mvua ikaanza kunyesha, na kwa mara ya kwanza ikanyesha nyuma ya kisogo changu. Kabla sijafurahi sawasawa, Mama Zawadi akatupa mwiko, akapita mbele ya tivi mbio kwenda uani.

Nikamsikia huko nje kimya. Nyota zilikuwa zinawaka.

Akarudi na nguo zote begani, mpaka soksi zangu, zinachuruzika maji sebuleni. Akasikiliza ile mvua. Akaniangalia mimi, akaangalia spika, akanitupia lile furushi mapajani.

"Bado mbichi. Nenda kaanike."