Michezo ya Vyuo Tanga Inachezwa kwa Siri

Ukitaka kuanzisha ubishi kwenye kahawa za Ngamiani siku hizi, huna haja ya kutaja Simba wala Yanga. Sema tu kwamba huko Marekani mwanafunzi wa chuo analipwa kucheza mpira. Wazee wataweka vikombe chini. "Mgosi, kama mwanafunzi ndiye anayelipwa, ada analipa nani?" Swali zuri, na halina jibu la mkato.

Kwa miongo mingi NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo vikuu vya huko, kilishikilia kwamba mchezaji wa chuo ni mwanafunzi kwanza. Apewe ufadhili wa masomo, malazi na chakula, lakini mshahara asiuguse. Wakati huohuo haki za kuonyesha mechi zake kwenye televisheni zilikuwa zinauzwa kwa mabilioni ya dola, na makocha wakubwa wanalipwa kuliko rais wa nchi yao. Mwaka 2021 kamba ikalegezwa, mchezaji akaruhusiwa kuuza jina na sura yake kwenye matangazo. Kisha Juni 2025 mahakama ikaidhinisha makubaliano mazito zaidi: kuanzia Julai ya mwaka huo chuo kinaweza kumlipa mchezaji moja kwa moja, kikomo cha mwaka wa kwanza kikiwa kama dola milioni 20.5 kwa chuo kimoja. Wachezaji wa miaka ya nyuma nao wametengewa fidia ya dola bilioni 2.8, kulipwa kwa muda wa miaka 10.

Wanachuo wetu wakizisoma habari hizi wanaziona dola tu. Kuna kijana mmoja wa stashahada, kiungo mzuri wa timu ya idara yao, aliniambia kwa uchungu kabisa: "Kaka, sisi hata maji ya kunywa tunajinunulia, wenzetu wanapewa mamilioni." Namwelewa. Lakini kwa maoni yangu dola ndicho kitu cha mwisho cha kuonea wivu katika hadithi hii.

Kuna mji Pennsylvania unaitwa State College. Wakazi wake ni kama 40,000, yaani ni mdogo mara nyingi kuliko Jiji la Tanga. Uwanja wa chuo kikuu cha pale, Penn State, unaingiza watu zaidi ya 100,000. Hapo hakuna timu ya kulipwa ya ligi kubwa. Timu ya chuo ndiyo timu ya mji. Fundi magari anaijua, muuza duka anaijua, bibi ambaye hajawahi kukanyaga darasa la chuo anavaa fulana yake Jumamosi. Televisheni ilikuja kwa sababu watu walishajaa, na hela ikaifuata televisheni. Sisi tunataka kuanzia kwenye hela.

Na hela yenyewe imeshaanza kuleta mambo. Inatarajiwa sehemu kubwa iende kwenye mpira wa Kimarekani na kikapu cha wanaume, michezo mingine ipate makombo. Chuo cha Cal Poly kule California kilifuta timu zake za kuogelea mwaka 2025, kikitaja mzigo wa mabadiliko haya. Wachezaji nao wanahama chuo mwaka hadi mwaka wakifuata dau, mpaka shabiki anashindwa kukariri kikosi. Basi tukiiga, tuchague cha kuiga.

Sasa tuangalie hapa kwetu. Tanga ina vyuo vya kutosha: vya ufundi, vya afya, vya utumishi, vya ualimu ukisogea kidogo kuelekea Korogwe. Michezo ipo. Kuna bonanza, kuna mechi za idara na idara, mwaka wa kwanza dhidi ya mwaka wa pili, netiboli, wavu, kuvuta kamba. Kuna hata mashirikisho: SHIMIVUTA ya vyuo vya elimu ya juu na kati, TUSA ya vyuo vikuu. Yote haya yanafanyika nyuma ya ukuta. Ukitaka kwenda kutazama, mlinzi anakusimamisha getini na kukuomba kitambulisho. Unamwambia umekuja kuangalia mpira. "Mpira gani?" Hata yeye hajaambiwa.

Hili ndilo linaloniudhi, kwa sababu wanachuo hawa wanaishi kwetu. Hosteli hazitoshi, kwa hiyo wamepanga mageto Makorora, Chumbageni, Mikanjuni. Muuza chipsi anajua siku hela ya nyumbani inapoingia, na wale wachache wenye mkopo, anajua siku bumu linapotoka. Chuo kikifungwa, mama ntilie anapunguza kilo za mchele. Kwenye biashara ni watu wetu kabisa. Kwenye mchezo hatujuani. Jumamosi jioni tumebanana nao kwenye kibanda umiza tukiangalia Arsenal, kila mtu na mkeka wake wa kubeti mfukoni, na muda huohuo wenzao wa darasani wanacheza fainali ya chuo upande wa pili wa mji, mbele ya wachezaji wa akiba na mbuzi.

Mtu asiniambie kwamba watu wa Tanga hawana moyo wa kushangilia cha nyumbani. Huu ni mji wa Coastal Union, klabu iliyoanzishwa mwaka 1948 na kutwaa ubingwa wa Tanzania Bara mwaka 1988, Wagosi wa Kaya wenyewe. Ni mji wa African Sports, Wana Kimanumanu. Uwanja wa Mkwakwani umewahi kugawanya nyumba, baba huku, shemeji kule, na chakula cha usiku kikaliwa kimyakimya. Msimu wa 2023/24 Coastal ilipomaliza ligi nafasi ya nne na kupata tiketi ya Afrika, watu waliokuwa wameshaisahau walirudi kuizungumza. Mapenzi yapo. Yanahitaji kitu cha kuyashika.

Tatizo la pili liko ndani ya vyuo, na hapa nitasema kwa kirefu kidogo. Kuna sentensi ambayo kila mchezaji wa chuo ameshaisikia: "Wewe umekuja kusoma au kucheza?" Inatoka kwa mkufunzi, inatoka kwa mzazi kwenye simu, wakati mwingine kwa mwenzake wa chumbani aliyekomaa na madesa. Mwenye kuisema huwa anaona amemaliza kazi. Lakini tazama inavyofanya. Timu inaitwa siku chache kabla ya mashindano. Jaribio la darasani linawekwa siku ya mechi, na hakuna anayekaa na ratiba mbili mezani kuona zinagongana wapi. Kijana anasafiri, anacheza, anarudi na cheti cha ushiriki na sapu mbili, yaani mitihani miwili ya kurudia. Mwaka unaofuata akiitwa, anasema goti linauma. Goti halina kosa.

Mtazamo huu una historia. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 serikali iliwahi kusimamisha michezo shuleni kwa hoja hiyohiyo, kwamba inakula muda wa masomo, kisha ikairudisha. Waliokuwa madarasani kipindi kile leo wengi ni wazazi, na wapo ambao ni wakufunzi. Usishangae wakiona mpira ni starehe ya mtu aliyekosa kazi.

Mimi huwajibu kwa majina mawili. Suleiman Nyambui alishinda medali ya fedha ya mita 5,000 kwenye Olimpiki ya Moscow mwaka 1980. Katika miaka hiyohiyo alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Texas, El Paso, akiwatoa watu jasho kwenye mbio za vyuo vya Marekani na kukusanya mataji ya NCAA. Hasheem Thabeet, mtoto wa Dar es Salaam, alipitia Chuo Kikuu cha Connecticut, na mwaka 2009 akachaguliwa wa pili kuingia NBA, ligi kubwa ya kikapu ya kulipwa ya Marekani. Stephen Curry, aliyekuja kuwa nyota mkubwa wa kikapu, mwaka ule alichaguliwa wa saba! (Najua, najua, yaliyofuata baada ya hapo kila mtu anayajua, lakini siku ile jina la Mtanzania lilisomwa kwanza.) Hawa walikuja kusoma au kucheza? Mlango uliowapitisha ulikuwa mmoja.

Kuna watakaosema vyuo vyetu vya kati si Connecticut. Kweli, na ndiyo maana sidai NBA wala mishahara. Nadai vitu vidogo vinavyowezekana Tanga hii hii. Ratiba ya mitihani na ya michezo vipangwe na watu wanaozungumza. Mechi zianze saa kumi na nusu, watu wakishatoka Alasiri, ziishe kabla ya Magharibi. Hili ni muhimu zaidi kwa mabinti. Netiboli ya chuo hupangwa saa nane mchana kwenye vumbi, jua la Tanga mnalijua, halafu watu wanasema wasichana hawapendi michezo. Nimewaona wanacheza na hijabu zao na suruali ndefu, wanaruka vizuri kuliko sisi tuliokuwa tunawatazama. Marekani ilibidi itungwe sheria mwaka 1972 kupiga marufuku ubaguzi wa kijinsia kwenye elimu ndipo michezo ya wanawake vyuoni ikapanuka. Sisi kwa kuanzia tunahitaji kubadilisha saa tu, na kuweka kivuli.

Kisha viwanja. Taifa zima linaongea AFCON ya 2027, tutakayoandaa na Kenya na Uganda, na Arusha unajengwa uwanja wa watu 30,000. Nafurahi. Lakini huku chini viwanja vinaliwa. Nakifahamu chuo kimoja, sitakitaja, ambacho nusu ya uwanja wake wa mpira imekuwa jengo la madarasa na nusu nyingine maegesho ya magari. Goli moja limebaki limesimama nyuma ya vyoo, wanaanikia nguo. Mkuu wa chuo anayehitaji madarasa simlaumu sana, wanafunzi wanaongezeka na eneo haliongezeki. Ila basi chuo kiongee na wenye viwanja vya mji, kikodi Tangamano au hata Mkwakwani mara moja kwa muhula, vyuo viwili vikutane pale, geti liwe bure. Mechi moja tu, ile ambayo kila chuo kinaogopa kufungwa. Redio za hapa zinatafuta cha kutangaza kila siku, zitakuja zenyewe.

Nimewahi kuligusa suala hili kwa mtu mwenye cheo kwenye chuo kimojawapo, akanijibu neno moja: usalama. Kompyuta zinaibwa hosteli, wakiruhusu watu wa mtaani itakuwaje? Hoja hii naiheshimu, wizi upo. Lakini uwanja si hosteli. Funga kamba kutoka getini mpaka uwanjani, weka mgambo wawili, mwambie muuza kahawa na muuza mihogo wakae upande huu. Makanisa na misikiti inapokea mamia ya watu wasiojulikana kila wiki, na mambo yanakwenda. Tena kijana wa mtaani anayeijua timu ya chuo kwa majina ya wachezaji, akiona kompyuta ya mshambuliaji wao inauzwa kichochoroni, huenda akafungua mdomo. Kwa sasa hana sababu.

Na kama wakuu wa vyuo wanaona yote haya ni makubwa, waanze na lisilo na gharama: ratiba ya mechi za muhula, karatasi moja, ibandikwe nje ya geti badala ya ndani. Mama wa mihogo anayekaa pale ataisoma asubuhi, na kufika saa sita mtaa mzima utajua ni nani anacheza na nani.