Maua ya porini: kurusha mbegu au kuotesha kwenye trei?

Ukiwauliza watu wawili waliofanikiwa kuotesha maua ya asili kwa mbegu, wa kwanza atakwambia alizirusha tu kwenye ardhi tupu akaenda zake. Wa pili atakuonyesha trei zilizopangwa kivulini, kila moja na kibandiko chenye jina na tarehe. Na kila mmoja humwona mwenzake amepotea. Anayerusha husema porini hakuna kitalu, na mmea uliodekezwa utotoni hausimami peke yake. Mwenye trei hujibu kwamba mmea wa porini humwaga mamia ya mbegu ili upate mrithi mmoja, na wewe mwenye kijipakiti huna mamia ya kupoteza.

Nianze na mrushaji, maana ndiye anayeitwa mvivu.

Mimea mingi ya porini, hasa ile inayoishi miaka mingi, hujenga mzizi kwanza, majani baadaye. Asclepias tuberosa, ua la rangi ya chungwa la Amerika ya Kaskazini, hushusha mzizi mkuu mnene unaochukia kuguswa. Ukifika chini ya trei hujikunja, na siku ya kuuhamisha ni rahisi kuukata. Mche uliomea mahali utakapoishi hauna shida hiyo. Rhinanthus minor wa Ulaya ni mfano mkali zaidi. Mmea huu huchomeka mizizi yake kwenye mizizi ya nyasi na kunyonya humo, kwa hiyo ukiusia peke yake kwenye trei unabaki kibete. Mbegu zake nazo huzeeka upesi na huhitaji miezi ya baridi ndipo ziamke, hivyo hurushwa zikiwa za mavuno ya mwaka huo huo, kabla ya majira ya baridi, kwenye nyasi zilizofyekwa fupi. Kwa huyo hakuna cha kujadili.

Hoja ya tatu ya mrushaji haisemwi sana, nami naiona ndiyo nzito kuliko zote. Kwenye trei tunachagua bila kujua. Zikichipua mbegu ishirini wiki ya kwanza tunafurahi, tunazihamisha, na udongo uliobaki tunaumwaga. Zilizochelewa zimekwenda na udongo huo. Lakini porini zilizochelewa ndizo akiba: mvua ya kwanza ikidanganya, za mbele zinakauka na za nyuma zinaendeleza ukoo. Mtu akirudia mchezo huo vizazi kadhaa, akivuna mbegu kutoka kwa wale wale waliowahi, atakuwa anafuga ua la bustanini lenye jina la ua la porini.

Sasa mwenye trei. Nguvu yake inaanzia kwenye uhaba. Wakusanyaji makini wa mbegu za porini hufuata kanuni ya kutochukua zaidi ya asilimia 20 ya mbegu zilizokomaa siku hiyo, na kuzitoa kwenye mimea mingi badala ya kukomba mmoja. Ukishajinyima hivyo, kisha ukatawanya ulichopata juu ya ardhi ambako mchwa, panya na ndege wanasubiri, umevuna kwa adabu na kupoteza bila adabu. Spishi ikiwa adimu, nipo upande wa trei bila kusita.

Kuna na jambo dogo la aibu: kuwatambua watoto. Miche ya maua mengi ya porini ikiwa na majani mawili inafanana na magugu, na magugu yanafanana nayo. Msimu mmoja nilipalilia kwa bidii wiki mbili kabla ya kugundua kwamba nilichokuwa naking'oa ndicho nilichokipanda. Kwenye trei kosa hilo ni gumu kulifanya.

Ila pande zote mbili hukwama kwenye jambo moja, usingizi wa mbegu, yaani mbegu iliyo hai kukataa kuota mpaka ipate ishara inayoingoja. Mbegu za mboga zimechaguliwa na wakulima kwa karne nyingi ziote zote kwa pamoja. Za porini hazijapitia mkono huo. Nyingi za jamii ya kunde, kama Lupinus, zina ganda lisilopitisha maji, nazo hukwaruzwa kidogo kwa msasa ndipo zilowekwe. Za nchi zenye majira ya baridi hutaka wiki kadhaa kwenye ubaridi na unyevu, na jokofu linaweza kufanya kazi hiyo. Zilizo ndogo kama vumbi huwa zinahitaji mwanga; ukizifukia umezizika. Kisha zipo zinazongoja moto. Mwaka 1990 watafiti wa Afrika Kusini walionyesha kwamba kinachoamsha mbegu za Audouinia capitata, kichaka cha huko huko eneo la Rasi (Cape), ni moshi wenyewe, na mwaka 2004 wenzao wa Australia wakaitambua kemikali iliyomo ndani ya moshi inayofanya kazi hiyo. Mrushaji anayesema "asili itajua" yuko sahihi pale tu asili ya spishi ile, na baridi yake au moto wake, ipo mahali anaporusha. Isipokuwepo, trei na msasa ndiyo asili iliyobaki.

Hata hivyo, nadhani ugomvi huu umetuondoa macho kwenye udongo. Wengi wanaolalamika kwamba mbegu ni mbovu walianza kwa kumwaga samadi. Huko Rothamsted, kituo cha utafiti wa kilimo Uingereza, kuna shamba la nyasi linalofanyiwa jaribio tangu 1856: vipande visivyowekwa mbolea vina spishi zipatazo 40, na vilivyolishwa naitrojeni kwa wingi vimebaki na chache tu, nyasi zikitawala. Rutuba humpa nguvu aliyezoea kukimbia, na maua mengi ya porini hayakuzoea. Ndiyo maana wapo wanaochota udongo wa juu na kuuondoa kabla ya kupanda, jambo ambalo mkulima wa mahindi akiliona atadhani wamerukwa na akili.

Na udongo huo hauko mtupu. Mwaka 1879 mtaalamu wa mimea William Beal alifukia chupa 20 zenye mbegu huko Michigan, Marekani, ili zichimbuliwe moja moja kwa miaka mingi. Chupa iliyotolewa 2021 bado ilikuwa na mbegu za gugu liitwalo Verbascum blattaria zilizochipua, baada ya zaidi ya miaka 140 chini. Kwa hiyo ukilima kwa kina kabla ya kurusha, unawaamsha wazee wa magugu waliolala humo. Afadhali usawazishe ardhi, umwagilie, usubiri magugu yaote, uyaparue juu juu, urudie mara mbili au tatu, kisha urushe bila kuchimba tena. Hii inakula msimu mzima, na mrushaji aliyekuja kukwepa kazi atakuwa amefanya kazi kuliko mwenye trei.

Kuhusu pakiti za mchanganyiko zenye picha ya bonde zima lililochanua, soma orodha ya ndani kwa majina ya kisayansi. Mgeni njoo mwenyeji apone, lakini kwa mimea mgeni huweza kumhamisha mwenyeji. Ua la Eschscholzia californica ni fahari ya California, na huko Chile ni mmea vamizi. Centaurea cyanus huuzwa Amerika kama ua la porini, na kwao ni Ulaya.

Mimi nagawa. Spishi za mwaka mmoja zenye mbegu tele, na zile zinazonyonya jirani, nazirusha, nikizichanganya na mchanga mkavu ili mkono usizibwage mahali pamoja. Adimu na zenye usingizi mzito zinaingia kwenye trei za kina kirefu. Kwa mrushaji naazima somo moja: trei siimwagi baada ya chipukizi la kwanza. Trillium, kwa mfano, ua la misituni, spishi zake nyingi hutoa mzizi baada ya baridi ya kwanza, na jani baada ya ya pili. Mwaka mzima unatazama udongo mtupu. Ninaandika tarehe kwenye kibandiko kwa penseli, maana wino hufutika, naisogeza trei pembeni kwenye kivuli, nafunika kwa wavu kuzuia panya, na nahakikisha haikauki.