Monita pana ya bei nafuu: mpya ya inchi 22 au mtumba wa inchi 24?

Mpwa wangu anafanyia watu hesabu za maduka akiwa nyumbani, ana laptopu ya inchi 14 yenye kioo cha pikseli 1366 kwa 768 (vile vidoti vinavyounda picha, upana kwa kimo), na wiki iliyopita kanitumia ujumbe: "Shikamoo mjomba, nina laki mbili na nusu, nichukue monita mpya ya inchi 22 au mtumba wa inchi 24 pale Kariakoo?" Swali dogo ila nimekaa nalo siku tatu, maana pande zote zina hoja za kweli na mi mwenyewe nimeshatumia zote mbili, kwa hiyo acha niandike nnavyoona, mwingine mwenye bajeti kama yake asije akanunua kwa kuangalia inchi tu.

Inchi zinadanganya sana. Zinapima toka kona ya chini mpaka kona ya juu ya upande wa pili, hazikwambii kioo kina kimo gani, na kwa mtu wa kusoma na kuandika kimo ndo kila kitu. Chukua ile monita ya zamani ya inchi 19, ile inayokaribia mraba iliyojaa maofisini, weka rula, kioo chake kinapanda kama sentimita 30. Sasa pima monita pana ya inchi 24 ya 1920 kwa 1080, nayo inapanda sentimita 30 hizo hizo, ilichoongeza ni upana. Na hizi mpya zinazoitwa inchi 22, ambazo nyingi ukizipima ni 21.5, zinaishia kama sentimita 27. Yani mtu anatoka kwenye ya mraba anaingia kwenye pana ya 22 akiamini amepanda daraja, kumbe kioo kimefupika sentimita tatu na wakati huo huo pikseli za kwenda juu zimeongezeka toka 1024 mpaka 1080, sasa herufi zitaacha vipi kuwa ndogo? Wengi wanaosema monita mpya inawaumiza macho tatizo lao linaanzia hapa, macho hayajaharibika.

Huko nyuma, katikati ya miaka ya 2000, monita pana nyingi zilikuwa za 16 kwa 10, yani upana 16 kwa kimo 10, zile za 1680 kwa 1050 na 1920 kwa 1200, halafu kuanzia kama 2008 viwanda vikahamia 16 kwa 9 ambalo ni umbo la televisheni, kwa kuwa kioo kile kile kikubwa cha kiwandani unakikata ukapata vipande vingi na bei inashuka. Bei kushuka ni faida, siipingi hata kidogo, bila hiyo wengi wetu tusingegusa monita pana. Ila kilichokatwa ni kimo, na ndo mana mtumba una nguvu kwenye hoja hii: ofisi za Ulaya ziliendelea kununua zile za 16 kwa 10, mfano Dell U2412M iliyotoka 2011, inchi 24, 1920 kwa 1200, paneli ya IPS (rangi hazigeuki ukiangalia kwa upande), stendi inayopanda, inayoshuka na inayogeuka mpaka kioo kinasimama wima. Ofisi zikibadilisha vifaa monita za aina hiyo zinaletwa huku, kwa makontena au kupitia Dubai. Mstari mmoja wa Excel kwa kawaida unakula pikseli 20, kwa hiyo toka 1080 kwenda 1200 unapata mistari 6 ya ziada, na ukilinganisha na laptopu ya mpwa wangu ya 768 ni mistari 21. Mtu anayeshinda anapandisha na kushusha daftari la mauzo siku nzima, mistari 21 si kitu kidogo.

Sasa upande wa pili, na hapa naomba wanaopenda mtumba kama mimi tuwe wakweli. Mtumba una historia yake na hakuna anayekusimulia. Monita za kabla ya 2010 hivi nyingi zinamulikwa na mirija midogo kama ile ya taa za tyubu, sio LED, vile vitaa vidogo vya kisasa, na mirija hiyo ikizeeka nyeupe inakuwa ya njano, ukiwasha inachelewa kung'aa, na inakula umeme. Monita ya LED ya inchi 24 inatumia kama wati 25, ya mirija inaweza kufika 60, kwa masaa nane kwa siku tofauti yake ni karibu uniti 8 za Luku kila mwezi. Halafu zipo zilizokuwa za kamera za ulinzi, picha ile ile imekaa miaka mpaka imeacha kivuli kwenye kioo, na zipo za TN, aina ya paneli ya bei nafuu, ambazo ukiinama kidogo rangi zinageuka kama picha ya negativu. Waranti nayo, wengine wanakupa wiki mbili, wengine mwezi, wengine ukishatoka mlangoni basi.

Mpya haina hayo. Unapata LED, unapata tundu la HDMI la kuungia kompyuta, waranti ya mwaka au zaidi ukinunua kwa muuzaji anayeeleweka na ukatunza risiti, na nyingi sasa zina 75Hz au 100Hz, yani mara ngapi picha inabadilika kwa sekunde, ambayo mcheza gemu ataiona kabisa ila mhasibu hatalipwa chochote kwa ajili yake. Udhaifu wake mkubwa ni stendi. Za bei ya chini zinainama mbele na nyuma tu, hazipandi, kwa hiyo mtu anashinda ameinamisha shingo halafu jioni anatafuta dawa ya mgongo. Hili linatibika kwa rimu mbili za karatasi chini yake, sentimita kama 10, haipendezi ila shingo inapona.

Kuna njia nyingine mbili watu huwa wanashauri. Ya kwanza ni kuchukua kubwa kabisa, inchi 27 ya 1920 kwa 1080. Hapana, pikseli ni zile zile zimetandazwa tu, kila moja inakuwa kama milimita 0.31, herufi zinakuwa na kingo za msumeno, labda kama unakaa mbali kuangalia filamu. Ya pili ni televisheni ya inchi 32, na hiyo naikataa kwa nguvu zaidi kwa kazi za maandishi, nyingi zilizoandikwa HD kwenye boksi ni 1366 kwa 768, yani mpwa wangu angelipa pesa yote apate mistari ile ile aliyonayo kwenye laptopu. Zile pana sana za 2560 kwa 1080 za inchi 29 ni nzuri kwa kuweka kurasa mbili kando kando ila kimo chake ni cha monita ya inchi 23, na kwa laki mbili na nusu hatuzifikii.

Kwa hiyo mi naegemea mtumba, kwa sharti moja: uende na laptopu yako mwenyewe. Muuzaji akikuwashia kwa kompyuta yake utaona picha ya maua mazuri tu. Wewe weka ukurasa mweupe mtupu ujaze kioo chote, halafu mweusi, mwekundu, kijani, bluu, tafuta vidoti vilivyokufa na vivuli, simama kando uangalie kwa upande, iache iwake dakika kumi na tano uone kama nyeupe inabadilika, pandisha na shusha stendi, kisha soma stika ya nyuma ambayo mara nyingi ina mwezi na mwaka wa kutengenezwa. Usiyeweza kufanya hivyo, au unayemtuma mtu tu toka mkoani, nunua mpya, mtumba usioukagua ni kamari na hela ya kazi haichezewi.

Na angalia matundu ya waya wa picha kabla ya kulipa. U2412M haina HDMI, ina VGA, DVI na DisplayPort. Mimi niliuziwa adapta ya HDMI na DisplayPort nikahakikishiwa inapeleka picha pande zote, haikupeleka, kwa sababu nyingi zimetengenezwa kutoa picha kwenye kompyuta yenye DisplayPort kwenda monita ya HDMI, kinyume chake unahitaji ya bei zaidi yenye chipu ndani. Rahisi ni waya wa HDMI kwenda DVI, picha inakuwa safi, sauti ndo haipiti. VGA iwe ya mwisho kabisa, ni analogi, kwenye kioo kikubwa herufi zinakuwa na ukungu.

Ukifika nyumbani usikubali setingi ilizokuja nazo, iwe mpya au mtumba. Rezolusheni, yani idadi ya pikseli, iwe ile ya kioo chenyewe, sio iliyo karibu nayo. Ukiunga kwa HDMI ukaona nyeusi imekuwa kijivu, kompyuta imeidhania televisheni, ingia setingi za kadi ya picha pale penye Limited uweke Full. Kwenye Windows andika ClearType utafute, uchague herufi zinazosomeka vizuri kwa macho yako. Mwanga watu wengi wanauacha ulivyotoka kiwandani, ni mkali mno, shika karatasi nyeupe kando ya kioo na punguza mpaka ukurasa ufanane na karatasi. Ukingo wa juu wa kioo uwe usawa wa macho au chini kidogo, umbali kama mkono ulionyooshwa, dirisha liwe ubavuni, maana jua la mchana likikupiga toka nyuma hakuna paneli itakayokuokoa.

Nimeshamwambia mpwa wangu Jumamosi twende wote, abebe laptopu na waya wa DVI, tutafute ya LED ya 16 kwa 10 iliyo safi, na tukizunguka mpaka adhuhuri tukaikosa tunachukua ile mpya ya 22 na tunapitia rimu mbili za karatasi njiani.