Karatasi iko wapi?

Asubuhi moja pale Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, mama mmoja alikuwa akinipimia dagaa kwa sado. Mgambo wawili wakaja, wakabeba mzani wake na gunia lililokuwa limefunguliwa. Mama hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Wanangu, karatasi iko wapi?" Akajibiwa, "Mama, hili ni agizo kutoka juu."

Kilichoniuma zaidi ni jamaa wa bodaboda aliyesimama pembeni akisema: safi, nchi hii inataka mkono wa chuma. Najua hasira yake ilikotoka. Amechoka na rushwa, amechoka na kesi zinazopigwa kalenda miaka na miaka. Lakini agizo la mdomo halina kifungu cha kusoma wala mahali pa kulikatia rufaa. Leo limemkuta muuza dagaa, na kesho litaikuta pikipiki. Sheria, hata ikiwa mbovu, imeandikwa, kwa hiyo inapingika.

Na imewahi kupingwa hapahapa Mwanza. Hati ya haki, yaani orodha ya haki za kila mtu, iliingizwa kwenye Katiba mwaka 1984, lakini wananchi wakaanza kuweza kudai haki hizo mahakamani mwaka 1988. Mwaka huohuo Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, alisikiliza shauri la mtu aliyeshikiliwa gereza la Musoma kwa sheria ya mwaka 1921, ile iliyompa mtawala uwezo wa kumng'oa mtu kwao na kumpeleka kuishi kwingine, bila kumfikisha mahakamani kwanza. Jaji akaamua kwamba sheria hiyo inavunja Katiba. Tazama miaka hiyo: mkoloni aliondoka 1961, fimbo yake tukaendelea kuitumia sisi kwa sisi. Ndiyo maana sikubali ninapoambiwa kwamba mamlaka makali ni salama yakiwa mikononi mwa mwenzetu.

Ibara ya 26 ya Katiba inamtaka kila mtu atii sheria za nchi, kisha inampa kila mtu haki ya kuchukua hatua za kisheria kuzilinda. Watawala wetu hupenda kuinukuu nusu ya kwanza. Yule mama hajasomea sheria, lakini alikuwa amesimama kwenye nusu ya pili.

Aliuliza tena walipokuwa wakipakia gunia kwenye gari. Mimi nilikuwa nimeshika mfuko wangu, kimya, na hilo bado linanisuta.